Fundisheni jaani, si ukumbini: barua ya wazi kwa wakuu wa halmashauri za mkoa wa Tanga

Kwa Waheshimiwa Madiwani, Wakurugenzi Watendaji, Maafisa Afya, Maafisa Mazingira na Maafisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri zote za mkoa wa Tanga

YAH: ELIMU YA TAKA ZA MAJUMBANI VIJIJINI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mkazi wa kijiji kimoja cha pwani wilayani Pangani, na ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji. Nimeona niandike hadharani kwa sababu haya nitakayoyasema hayahusu kijiji changu peke yake. Ukienda Mkinga, Muheza, Korogwe, hata Lushoto milimani, utayakuta. Yamebadilika sura tu.

Ombi langu ni moja. Elimu ya taka mnayotuletea vijijini itoke ukumbini iende jaani, nyuma ya nyumba ya mtu, ikae huko mpaka ishike. Na isije mikono mitupu: ije pamoja na pa kupeleka vile vitu ambavyo mwenye nyumba, hata awe hodari namna gani, hawezi kuvimaliza peke yake.

Nianze na jaa lenyewe, maana mengi yanasemwa juu ya taka za vijijini na watu ambao hawajawahi kulipindua jaa la kijijini. Kamati yetu ilipita kwenye baadhi ya kaya, tukaomba ruhusa, tukatandika turubai uani, tukalipindua jaa kwa jembe na kuchambua kimoja kimoja mbele ya wenyewe. Watoto walifurahi. Watu wazima waliona haya kidogo mwanzoni, kisha kila mmoja akaingiza mkono.

Sehemu kubwa ya lile jaa ni ile ile waliyokuwa nayo babu zetu. Maganda ya muhogo na ya ndizi, machicha ya nazi, makumbi, vifuu, majivu ya jikoni, majani ya mwembe yaliyofagiwa alfajiri, magamba na matumbo ya samaki, kuti lililochakaa. Kwa ndugu zetu wa Muheza ongezeni maganda ya machungwa, msimu ukifika. Vyote hivi vinaoza, vingine upesi, vingine kwa kujivuta. Katikati yake ndimo walimojichanganya wageni: pakiti za sabuni ya unga, vijifuko vya mafuta ya kula ya kupima, vya barafu na vya ubuyu, chupa za maji na za soda, kandambili zilizokatika, mawe ya tochi, vipande vya nyavu, nyembe, vidonge vilivyobaki hospitali, chupa ya dawa ya kuogeshea mbuzi, na pampasi. Kwa uzito si vingi. Ila ndivyo vinavyotuumiza, kwa sababu vikishachanganyika na vile vinavyooza, jaa zima limeharibika. Hakuna mkulima atakayetia kwenye tuta la mchicha mboji ambayo mkono wake unaweza kukutana na wembe ndani yake.

Tulipomaliza kuchambua, juu ya turubai palikuwa na mafungu manne. Fungu la kuoza, ndilo kubwa kuliko yote. Fungu la kutumika tena au kuuzika: chupa, makopo, vyuma chakavu. Fungu dogo la vitu vya hatari: nyembe, mawe ya tochi, dawa. Na fungu la mwisho la vitu visivyooza wala visivyo na mnunuzi, ambavyo ni hizo pakiti, vijifuko na pampasi. Naomba hapa msome taratibu. Fungu hili la mwisho, ukiweka pampasi kando, lilikuwa linaingia kwenye salfeti moja na nafasi inabaki, na ni taka za wiki nyingi. Kijiji hakihitaji gari la taka kila Jumatatu kama mjini. Kinahitaji gari mara chache kwa mwaka, lakini lije kweli.

Sasa kuhusu moto. Tunalaumiwa sana kwa kuchoma taka, na kuchoma ni kubaya, sipingi. Plastiki ikiungua kwenye moto wa uani haiishi vizuri, inatoa moshi mzito unaokaa usawa wa pua ya mtoto. Zile za aina ya mabomba na ngozi za nyaya za umeme zina klorini, nazo zikiungua hutoa dioksini, sumu inayokaa mwilini na kwenye mafuta ya wanyama kwa miaka mingi. Na majivu yake hatuyatupi. Majivu huku ni mali: yanatiwa chooni, yanapakwa kwenye mbegu, yananyunyizwa kwenye mchicha kufukuza wadudu. Mama anayejua kwamba majivu ni dawa ya bustani hajaambiwa na mtu kwamba majivu ya kuni na majivu ya jaa lililochomwa na mawe ya tochi ndani yake ni vitu viwili tofauti.

Lakini watu hawachomi kwa ujinga. Wanachoma kwa sababu jaa lililochanganyika halina matumizi mengine yoyote. Haliwi mboji, halilishwi kuku, halibebeki, na likiachwa linaleta panya na nyoka. Moto ndio njia pekee iliyobaki. Kwa hiyo mtu akija kutuambia "acheni kuchoma" bila kutufikisha kwenye kutenganisha, ametuambia tukae na jaa. Na akitufundisha kutenganisha bila kutuonyesha fungu la nne linakwenda wapi, baada ya mwezi atakuta tumerudi kwenye kiberiti.

Niliwahi kuhudhuria semina moja ya siku nzima kuhusu jambo hili. Waandaaji wake sina haja ya kuwataja. Tuliwekwa darasani, tukaonyeshwa picha za madampo ya miji mikubwa na mapipa matatu ya rangi tatu. Kijijini kwetu hakuna kaya yenye pipa la taka hata moja. Waliokaribishwa walikuwa wenyeviti wa vitongoji, watendaji na wajumbe, wengi wao wanaume kama mimi. Wanaofagia uwanja, wanaopika, wanaobeba taka kwenda jaani, yaani kinamama na watoto wa kike, walikuwa nje wakiandaa chakula cha semina. Mama mmoja aliingia kuleta chai, akasimama, akauliza pampasi atupe wapi. Alijibiwa kwamba ni vizuri kupunguza matumizi yake. Kisha somo likaendelea.

Swali lile lilistahili siku nzima. Nitalirudia chini.

Nchi yetu iliwahi kufundisha vijiji kwa namna nyingine, na wapo wazee wanaokumbuka. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Watu walikaa kwenye vikundi vidogo vijijini, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana hali ya pale pale walipo, kisha wakaamua watafanya nini kabla ya kukutana tena. Iliendelea kwa majuma 12. Viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa kiasi cha 75,000, na walioshiriki walikadiriwa kufika milioni 2. Watu walichimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba, wakafukia madimbwi. Hapakuwa na projekta. Palikuwa na majirani wanaojuana, muda wa kutosha, na kazi ya kufanya kila baada ya mazungumzo.

Narejea jambo hilo kwa sababu sehemu zake zote bado zipo mikononi mwenu. Redio zipo, na Pangani tuna redio yetu ya jamii. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo na wanajua mlango wa kila kaya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka kamati za mazingira mpaka ngazi ya kijiji na kitongoji, na imezipa serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu na kuhimiza zitenganishwe pale pale zinapozalishwa. Kamati kama yetu, basi, haijabuniwa juzi. Ni chombo cha kisheria ambacho mara nyingi hukumbukwa mgeni anapokuja.

Tunachoomba ni vikundi vya kaya jirani, kaya kumi au zaidi kidogo, vinavyokutana mara moja kwa juma kwa majuma hayo 12, kwa zamu, kila mara uani kwa mwanakikundi mwingine. Juma la kwanza lisiwe na hotuba. Turubai na jembe. Watu wakishaona kwa macho yao kwamba sehemu kubwa ya uchafu wao si uchafu, masomo mengine yanaingia yenyewe.

Na wakati wa kukutana upangwe na watu wa pale. Huku pwani kinamama wa mwani wanafuata maji. Bamvu likishika, yaani bahari inapojaa na kupwa sana, wapo shambani baharini, na mkutano ukiitishwa siku hizo utawapata wazee na watoto tu. Maji mafu, bahari isipopwa sana, ndiyo siku zao za nyumbani. Milimani Lushoto ratiba ni ya mboga na soko. Handeni na Kilindi ni ya mifugo na mvua. Afisa anayepanga tarehe kutoka mezani bila kuuliza atahesabu mahudhurio hafifu na kuandika kwenye ripoti kwamba wananchi hawana mwamko.

Kuhusu vinavyooza sina haja ya kuwaeleza mengi, wataalamu wa kilimo mnao. Ila nataka elimu hiyo iwe ya pwani kwa watu wa pwani. Vitabu vingi vya mboji vinasema chimba shimo. Kwetu udongo ni mchanga na maji yapo karibu. Shimo la masika linageuka kisima cha maji machafu, na visima vyetu vya kunywa haviko mbali. Huku inafaa kupanda tuta juu ya ardhi, chini ya kivuli. Tabaka la majani makavu, tabaka la maganda na majani mabichi, samadi ya mbuzi, udongo kidogo, majivu safi kidogo, maji ya kulowesha mpaka ukikamua konzi moja litoke tone, si mchirizi. Unachomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache ukikichomoa kikiwa cha moto na kina unyevu, kazi inaendelea. Kikiwa kikavu ongeza maji. Kikiwa baridi na kinanuka, pindua, hewa haiingii. Tuta likienda vizuri, joto lake la ndani hupita nyuzi 50, na mbegu nyingi za magugu hufa humo. Miezi miwili mpaka mitatu unapata mboji nyeusi, na kwenye mchanga wetu usioshika maji mboji ndiyo inayofanya mchicha usinyauke saa nane mchana. Matumbo ya samaki yazikwe katikati kabisa ya tuta, vinginevyo mbwa watalifumua usiku wa kwanza.

Makumbi yasitiwe humo, yanachelewa mno kuoza. Yana kazi zake: kamba, kuni, na kutandazwa kuzunguka shina la mnazi kushika unyevu. Hayo yanajulikana hapa kabla ya semina yoyote, na hao bibi wanaofukia makumbi kwenye matope ya mikoko ili wapate nyuzi za kusokota kamba ndio wangepaswa kuwa walimu wa somo hilo.

Vifuu vinahitaji kusemwa peke yake. Mwaka 2019 homa ya dengi ilipozuka Dar es Salaam, Tanga nayo haikusalimika. Mbu wa dengi anauma mchana, na anazaa kwenye maji kidogo yaliyotuama: kifuu kilichoangalia juu, tairi bovu, kopo, kandambili iliyojikunja, chupa iliyokatwa kunyweshea kuku. Mayai yake yanavumilia ukame kwa miezi; mvua ikirudi yanaanguliwa. Chandarua cha usiku hakimzuii mbu huyu. Kugeuza vifuu kifudifudi, au kuvichoma mkaa kabla ya masika, ni kazi ya dakika chache kwa wiki. Nashangaa kwamba mabango ya malaria tunayo kila zahanati, na hili la vifuu halisemwi kwa nguvu katika mkoa wenye minazi kama wetu.

Nirudi kwa yule mama na pampasi zake. Hizi ndizo taka ngumu kuliko zote kijijini, na hazitajwi kwa sababu zinaonekana ni mambo ya faragha. Pampasi iliyolowa haiungui. Ikitupwa chooni inajaza shimo ambalo familia ilichimba kwa jasho. Ikitupwa porini mbwa wanairudisha. Na wapo kinamama wengi wanaoamini kwamba kuchoma kinyesi cha mtoto kunamdhuru mtoto mwenyewe, atatokwa vipele au ataungua tumboni. Afisa anayewacheka kwa imani hiyo hatasikilizwa tena. Matokeo yake pampasi zinakwenda baharini au mtoni gizani, kwa mikono ya mama anayempenda mwanawe. Kinachowezekana ni hiki: kufundisha tena nepi za kitambaa kwa mchana, pale maji ya kufulia yapo, kumwaga kinyesi chooni kwanza kabla ya kutupa pampasi, na kila kitongoji kuwa na shimo moja la pamoja, lenye kifuniko, lililochimbwa mahali palipoinuka, si chini ya mita 30 kutoka kisima, ambapo pampasi na taulo za kike zinafukiwa bila kuchomwa. Shimo hilo linahitaji mfuniko wa zege na mtaalamu wa kuonyesha mahali. Vyote viwili viko kwenu.

Kisha vitu vya sumu. Sola imeingia vijijini, na ni neema kubwa, lakini betri zake zikifa hakuna aliyetuambia ziende wapi. Zile kubwa zina madini ya risasi na tindikali. Nimeona zikipasuliwa kwa nyundo chini ya mwembe ili risasi iyeyushwe iwe chubwi za nyavu, watoto wakiangalia kwa karibu. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto anayekua, na haitibiki ikishafanya kazi yake. Chupa za viuatilifu zinaoshwa zikawekwa maji ya kunywa au mafuta ya taa. Wauzaji wa pembejeo wanaweza kuagizwa kupokea chupa hizo zikiwa zimesuuzwa mara tatu na kutobolewa. Mafundi sola wanaweza kupokea betri mbovu wanapouza mpya. Kijiji hakiwezi kumwagiza muuzaji wa mjini. Ninyi mnaweza.

Chupa za maji na soda zina mnunuzi, ila mnunuzi yuko Tanga mjini. Chupa ni nyepesi, gunia zima halifikishi kilo za kulipia nauli, kwa hiyo kijana anayeokota leo anachoka kesho. Mngekuwa na kituo kimoja cha kukusanyia kwa kila kata, kikundi kikapata pa kuzihifadhi mpaka zikafika mzigo wa gari, hesabu ingebadilika. Zile asilimia 10 za mapato ya ndani ambazo halmashauri inatakiwa kukopesha vikundi, yaani 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, zinaweza kununua mizani, magunia na kukodi gari. Naomba maafisa maendeleo ya jamii wapokee maombi ya vikundi vya taka kwa uzito ule ule wa bodaboda na ufugaji wa kuku.

Sasa gari. Mkutano mkuu wa kijiji kwa utaratibu wa serikali za mitaa unatakiwa kufanyika walau mara moja kila miezi mitatu. Ombi la kamati yetu ni kwamba siku hiyo hiyo lije gari la halmashauri. Kila kaya ije mkutanoni na salfeti yake ya fungu la nne, kavu, iliyofungwa; vitu vya hatari viwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Gari lipakie, mkutano uendelee, watu waondoke. Safari nne kwa mwaka kwa kijiji, na zikipangwa kwa vijiji vinavyofuatana kwenye barabara moja, mafuta yanagawanyika. Tena mahudhurio ya mkutano yatapanda, nina imani hiyo.

Mtaniuliza kwa nini kijiji kisilazimishwe kwa faini. Sheria ndogo zipo, na faini ina mahali pake kwa mtu mkaidi. Lakini tazameni mifuko ya plastiki. Ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 watu waliiacha kwa haraka ambayo wengi hawakuitegemea, kwa sababu vikapu vilikuwepo na mifuko mbadala ikaingia dukani. Palipokuwa na njia nyingine, amri ilifanya kazi. Vile vifuko vyepesi vya kufungia sukari na barafu, ambavyo muuza duka wa kijijini hana mbadala wake kwa bei ile, mpaka leo ndivyo vinavyojaa majaani kwetu. Ukimpiga faini mama kwa kifuko ambacho duka limempa na hakuna pa kukipeleka, umemfundisha kukificha.

Naongea na halmashauri zote za mkoa, si Pangani peke yake, kwa sababu ya mto. Mto Pangani unakusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, unapita Nyumba ya Mungu, Korogwe, Hale, ndipo unafika kwetu kumwagika baharini. Masika unaleta chupa na kandambili ambazo hatukuzitumia, zinalala kwenye mizizi ya mikoko wanakozalia kamba na samaki tunaowavua. Nje kidogo ya mdomo wa mto kipo Kisiwa cha Maziwe, hifadhi tangu 1975, mahali ambapo kasa walikuwa wakitaga kwa wingi. Kisiwa kimeliwa na bahari, maji yakijaa kinazama chote, na mayai yanayotagwa pale inabidi yahamishiwe ufukwe wa Ushongo na watu wenye moyo wa kazi hiyo. Vifaranga wakianguliwa, bahari wanayoingia ina vijifuko vya barafu. Kasa anavila. Kijiji cha Pangani kikifanya kila kitu sawasawa na Korogwe isifanye, bado tutaokota. Hivyo majuma hayo 12 yaanze kwa vijiji vya kando ya mto, kutoka juu kuja chini, na redio zote za mkoa zisome kipindi kimoja.

Ile Jumamosi ya usafi ya mwisho wa mwezi nayo itumike vizuri zaidi. Siku hizi, pale inapofanyika, inaishia kufagia barabara na kuwasha moto mkubwa karibu na ofisi. Ingekuwa siku ya vikundi kukagua matuta ya mboji, kugeuza vifuu, kupima shimo la pamoja limejaa kiasi gani.

Sitazungumzia shule kwa kirefu, walimu wana mizigo ya kutosha. Nasema tu kwamba mtoto anayefundishwa kutenganisha taka shuleni halafu akakuta nyumbani jaa moja na kiberiti, atamfuata mzazi wake, na ndivyo anavyotakiwa kufanya akiwa mtoto mwenye adabu. Madrasa na makanisa wangesaidia zaidi, kwa sababu huko mzazi na mtoto husikia neno moja siku moja.

Waheshimiwa, bajeti ya mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na mijadala yake inaanza miezi mingi kabla. Tunaomba kwenye bajeti ijayo tuone vitu vitatu vikiwa na fedha: mafuta ya gari la kila miezi mitatu, mifuniko ya mashimo ya vitongoji, na posho ndogo ya wahudumu wa afya wa kuongoza vikundi kwa majuma 12. Kama fedha za kuanza na kata zote hazipo, chagueni kata moja katika kila wilaya, na kata hiyo isiwe ile iliyo jirani na ofisi zenu. Kijiji chetu kipo tayari kuwa cha kwanza kwa Pangani. Turubai tunalo, kaya zilizokubali kupinduliwa majaa yao zipo, na salfeti za fungu la nne tumezitundika chini ya paa la ghala la kijiji, kavu, zinasubiri gari. Mtendaji wa kijiji anayo idadi yake. Tunaomba mtupe tarehe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji,
Wilaya ya Pangani, Tanga